Bonde linaonekana, lakini nani anamwona mtoto? Jibu kwa familia inayotaka kutembea msituni

Swali: Tunapanga matembezi ya msituni kama familia: mimi na mume wangu, mama mkwe mwenye miaka 67 ambaye magoti humsumbua akishuka ngazi, na watoto watatu, mmoja wa miaka 9, mwingine wa miaka 5 na mdogo wa miezi 14. Njia ni ya kilomita 2.5 kwenda na hizo hizo kurudi, inapanda mita 220 na kuishia kwenye mwamba unaotazama bonde. Kibao cha mwanzo wa njia kinasema dakika 50. Je, tutaweza? Tuondoke saa ngapi ili bonde lionekane vizuri? Tubebe nini? Nyoka je? Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, twende au tuache?

Jibu:

Mtaweza, dada. Familia kama yenu huzipita njia za urefu huo kila wiki na kurudi salama. Ila nimeona hofu yako yote umeielekeza msituni, kwenye nyoka, nami ningependa nusu yake uihamishie juu, kwenye ule mwamba. Msitu wenye njia iliyokanyagwa vizuri ni mpole kwa watoto: kuna kivuli, ardhi ni laini, na mtoto akianguka huinuka na tope magotini basi. Familia hujiweka hatarini inapofika. Watu wazima wamechoka na wamefurahi, macho yao yamechukuliwa na bonde, simu zimetoka mifukoni, na mtoto wa miaka 5 ameshamaliza kutazama. Nitarudi hapo, maana ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu. Kwanza tuzungumzie hizo dakika 50.

Kibao hakijadanganya, lakini hakikuwahesabu ninyi. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith aliandika kanuni ambayo hadi leo watengeneza vibao na ramani huitumia au huifuata kwa marekebisho: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ijaribu kwenye njia yenu. Kilomita 2.5 ni dakika 30, mita 220 ni dakika 22, jumla dakika 52. Hiyo ndiyo dakika 50 ya kibao. Naismith alikuwa akimfikiria mtu mzima mwenye nguvu anayetembea bila kusimama. Hakumfikiria mtoto anayesimama kila baada ya hatua kumi kuokota kijiti kizuri kuliko kile alichookota mwanzo.

Mtoto wa miaka 5 kwenye njia inayopanda, ukijumlisha vituo vyake vyote, huenda kilomita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Kwa hiyo kwenda juu kutawachukua kati ya saa moja na robo na saa moja na dakika 40. Juu mtakaa kama saa nzima, kwa sababu kuna kula, kuna kumbadilisha mdogo nepi, na kuna kupumzika. Kushuka nako, kwa ajili ya magoti ya mkwe wako, kuhesabuni muda sawa na wa kupanda. Yote kwa pamoja ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne na ushee. Ukiiweka safari hii kichwani kama ya asubuhi nzima, itakuwa ya raha. Ukiiweka kama ya saa mbili kwa sababu kibao kimesema dakika 50, mtaimaliza mkigombana.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kuondoka ni mahali ambapo zile mita 220 zimekaa. Zikigawanywa sawasawa, njia inapanda mita 9 hivi kwa kila mita 100, mwinuko ambao hata mtoto wa miaka 5 anaumudu akizungumza. Lakini njia zinazoishia kwenye mwamba juu ya bonde mara nyingi huwa na tabia ya kutambaa taratibu msituni, kisha kupanda kwa ghafla mwishoni. Tazama ramani yenye mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo sawa: inapobanana, ndipo penye kazi. Mkikuta nusu ya mwinuko imelundikana katika mita 500 za mwisho, wekeni mapumziko marefu chini ya kipande hicho. Kuleni kidogo hapo, msingoje mpaka juu. Watoto wakifika kwenye ukingo wa genge wakiwa na njaa na usingizi, hawasikii neno.

Sasa saa ya kuondoka. Bonde lina ratiba yake ya siku, na ukiielewa hutahitaji kubahatisha. Usiku, hewa iliyo juu ya miteremko hupoa, huwa nzito na kuteremka hadi kujaa bondeni. Ikiwa na unyevu wa kutosha hugeuka ukungu, ndiyo maana alfajiri mtu anaweza kusimama juu penye anga safi kabisa na asione kitu chini isipokuwa weupe. Jua likipanda na kuipasha ardhi moto, ukungu huo huyeyuka, mara nyingi kufikia katikati ya asubuhi. Baadaye mambo hugeuka: miteremko imepata joto, hewa inaanza kupanda kutoka bondeni, inabeba unyevu juu, na mchana mawingu hujijenga palepale penye kingo na vilele. Alasiri ndiyo saa ya mawingu hayo kugeuka mvua na radi. Kwa hiyo dirisha zuri ni baada ya ukungu kuondoka na kabla ya mawingu kufika. Kwa siku nyingi ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Kuna na suala la upande. Mwamba ukitazama magharibi, asubuhi jua liko mgongoni mwenu na linaliangaza bonde vizuri, hata mto wa chini unaonekana. Ukitazama mashariki, jua la asubuhi litawapiga machoni na bonde litaonekana kama limefunikwa kitambaa chembamba cheupe. Kwa mwamba wa mashariki jioni ndiyo yenye mwanga bora, lakini kwa familia yenye mtoto wa miezi 14 nisingewashauri kuikimbilia. Chelewesheni kidogo tu, mfike kama saa nne jua likiwa limeinuka. Picha itapungua uzuri, watoto hawatajua.

Nikiwapangia mimi, ningesema muwe mwanzoni mwa njia saa mbili kamili asubuhi. Na kabla hamjapiga hatua ya kwanza, wewe na mumeo kubalianeni saa ya kugeuka: saa nne na nusu, popote mtakapokuwa, mnarudi. Saa hiyo itajwe kwa sauti, watoto na bibi yao wakisikia. Watu hawapendi kugeuka wakiwa wamebakiza mita 300, na kila mara huwa na sababu nzuri ya kuendelea. Uamuzi uliofanywa chini, kabla ya uchovu na kabla ya kuliona bonde kwa mbali kati ya miti, ni uamuzi wa akili timamu. Ule unaofanywa juu ni wa ubishi.

Mpangilio wa kutembea: mtu mzima mmoja mbele, nyuma yake anayetembea polepole kuliko wote, kisha wengine, na mtu mzima mwingine wa mwisho kabisa. Mwendo huwekwa na yule wa polepole. Ukimwacha nyuma, kila anapowafikia mmekwisha pumzika na mnaanza tena kuondoka, kwa hiyo yeye peke yake ndiye hapumziki. Huyo anaweza kuwa mtoto wa miaka 5 au bibi yake. Mtoto wa miaka 9 mpe kazi ya kweli. Kama njia ina alama za rangi kwenye miti au mawe, yeye ndiye mtafuta alama, na hamwendi mbele mpaka ameiona inayofuata. Mtoto huyo akiwa na kazi hatakimbia mbele, na watoto wa umri wake huweza kupotea kwa kukimbia mbele.

Wa miaka 5 usimwahidi bonde. Hana haja nalo. Watu wazima tunapanda kwa ajili ya kuona mbali, naye anatembea kwa ajili ya kilicho mbele ya kidole chake: jongoo, gogo lenye uyoga, shimo la mti, dimbwi. Mwambie tunafika kwenye mti ule ulioinama, kisha kwenye lile jiwe, kisha kwenye daraja. Akiuliza “bado mbali?” usimjibu kwa dakika, maana dakika kwake haina umbo. Ukimwona amenyamaza na ameacha kuokota vitu, kaeni chini mumpe kitu cha kutafuna kabla hajaanza kulia. Ukimya wa mtoto wa umri huo njiani ni njaa, baridi au mkojo.

Mdogo wa miezi 14 atabebwa, na hapa nina mengi kidogo kwa sababu watu hudhani abebwaye hana shida. Begi la mgongoni lenye kiti cha mtoto ni zuri, na kwa umri wake shingo na mgongo vimeshakomaa kulitumia. Soma kibandiko chake kinachosema uzito wa mwisho, ambao huhesabu mtoto pamoja na mizigo yote. Mbeleko iliyofungwa vizuri nayo inatosha kwa njia hii, na ina faida moja juu ya begi: mtoto anakuwa ameshikamana na mwili wa mbebaji, hayumbi. Kwenye begi, kichwa cha mtoto huwa juu kuliko kichwa chako. Tawi ulilolipita wewe bila kuinama linampata yeye usoni. Basi inama zaidi ya unavyodhani, na uiname kwa magoti, mgongo ukiwa wima, kwani ukiinamia kiunoni unammwaga mbele. Kumbuka pia kwamba wewe unatoka jasho naye amekaa tu. Watoto wadogo hupoteza joto haraka kuliko sisi, kwa sababu ngozi yao ni nyingi ukilinganisha na uzito wao, na miguu inayoning’inia bila kutembea hupoa kwanza. Mtu wa nyuma awe akimshika vidole na shingo kila mnaposimama. Shingo ikiwa baridi, ongeza nguo. Wewe mbebaji usijipime mwenyewe.

Mkwe wako atapanda bila taabu kubwa. Kushuka ndiko kutakakomuuma, na kuna sababu. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, inavuta huku ikinyooshwa, na goti hubeba mzigo mkubwa kuliko kwenye tambarare. Fimbo mbili za kutembelea, moja kila mkono, huwapunguzia magoti mzigo huo. Zirefushwe kidogo wakati wa kushuka na zitangulie chini kabla ya mguu. Fimbo moja ya kukata si mbaya, ila mbili ni tofauti kabisa. Ashuke kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na pale penye ngazi za mizizi ashuke kiubavu. Zungumzeni naye mapema, kwa heshima, kuhusu kuishia katikati: kama kuna benchi au uwazi mzuri kabla ya kile kipande cha mwisho, anaweza kukaa hapo na mtu mzima mmoja, nanyi mkapokezana kwenda juu. Wazee wengi hupanda mpaka mwisho ili wasiwaharibie wajukuu siku, kisha wanalipa kwa wiki nzima. Akijua tangu nyumbani kwamba kuishia benchini ni sehemu ya mpango, atachagua kwa uhuru.

Haya, tumefika karibu na mwamba.

Simameni mita kama 100 kabla, bado mkiwa ndani ya miti, hata kama mwanga wa uwazi unaonekana na watoto wanavuta mikono. Hapo ndipo mnagawana watoto kwa majina: huyu wangu, huyu wako. Si “tuwaangalie watoto”. Wakiwa wa wote, kila mtu mzima huamini mwenzake anatazama, na hakuna anayetazama. Mdogo anabaki mgongoni, amefungwa. Asishushwe mwambani, hata kama analia. Kumbadilisha na kumnyonyesha kufanyike nyuma, msituni, kwenye ardhi tambarare.

Mkitoka kwenye miti, usiende moja kwa moja ukingoni. Chagueni kwanza mahali pa kukaa, hatua kumi au zaidi kutoka ukingoni, penye kitu cha wazi kinachoonyesha mpaka: mstari wa nyasi, ufa kwenye mwamba, au begi lenu mlilolilaza. Watoto waambiwe mpaka ni huo na kwamba nyuma yake wako huru, mbele yake ni kwa kushikwa mkono tu, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja. Mshike kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto huchomoka akijipinda, kifundo hakichomoki. Kisha mwende naye pamoja, na mkifika karibu mkae chini wote wawili. Aliyekaa hajikwai. Mtoto wa miaka 9 naye akae, hata akinung’unika, kwa kuwa yeye ndiye ana ujasiri wa kusogea na bado hana uzoefu wa kujua jiwe lililolegea.

Miamba ya ukingoni ina hila tatu. Ya kwanza ni changarawe juu ya mwamba tambarare: mguu unakanyaga kama umekanyaga gololi, na mteremko mdogo tu unatosha. Ya pili ni kuvu na mwani unaoota juu ya jiwe, ambao ukikauka hauna neno, ukilowa huteleza kama sabuni. Ya tatu huioni kabisa ukiwa juu: ukingo unaweza kuwa umetokeza hewani, chini yake pakiwa tupu kwa sababu mvua na mizizi vimeula mwamba. Kwa hiyo usipime ukingo kwa kuukanyaga. Kukiwa na uzio, ushukuru, lakini usiuegemee wala usimwinue mtoto juu yake ili aone vizuri. Vyuma na mbao za huko hulala juani na mvuani mwaka mzima, na nafasi kati ya nguzo nyingi zilipangwa kwa kumzuia mtu mzima. Mtoto wa miaka 5 anapita katikati.

Na picha. Watafiti wa India waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walihesabu kutoka taarifa za habari vifo 259 duniani vya watu waliokuwa wakijipiga picha, kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017. Kuanguka kutoka juu kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Anayejipiga picha hurudi nyuma huku macho yako kwenye kioo, yaani anatembea kinyumenyume kuelekea genge. Picha ya familia ipigwe hivi: ninyi mkae mita kadhaa ndani ya mpaka wenu, mpiga picha apande juu kidogo upande wa msitu na ainue simu. Bonde litaonekana lote nyuma ya vichwa vyenu, na kwa kweli picha huwa nzuri kuliko ile ya ukingoni, maana kuna mahali pa mbele na mahali pa mbali. Mpiga picha naye asirudi nyuma bila kutazama. Simu ikiisha kazi, irudi mfukoni.

Watoto watataka kurusha mawe. Kataa bila kujadili. Chini ya genge kunaweza kuwa na njia nyingine, na jiwe la ukubwa wa yai likidondoka mita mia moja linaua.

Badala yake wape bonde lenyewe, hasa huyu wa miaka 9. Muulize lina umbo gani. Bonde lililochongwa na mto pekee huwa na kuta mbili zinazokutana chini karibu na maji, umbo la herufi V. Lililochongwa na barafu nzito iliyotambaa kwa maelfu ya miaka huwa pana chini na kuta zimesimama, umbo la U, kama Yosemite kule Marekani. Na kuna mabonde ambayo hayakuchongwa bali yalizama: ardhi ilivutwa pande mbili, kipande cha katikati kikashuka, kingo zikabaki juu. Hilo ndilo alilolieleza mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory baada ya safari yake ya mwaka 1893 katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Akilitaja umbo la bonde lenu, muulize ushahidi wake. Kisha mwonyeshe milima ya mbali. Ya karibu ni ya kijani, inayofuata imefifia, ya mwisho kabisa ni ya buluu, ingawa kote kuna miti ileile. Ni hewa iliyo kati yenu na mlima: inatawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi katikati ndivyo buluu inavyozidi. Anga ni ya buluu kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto akishaelewa hilo, anaweza kupanga milima kwa umbali bila ramani, na amekaa chini dakika ishirini bila kulazimishwa.

Mkisikia ngurumo mkiwa juu, msisubiri mvua. Hesabuni sekunde kati ya mwanga na sauti, kwani sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, umbali ambao inaweza kuwapata. Ondokeni ukingoni mara moja, shukeni mkaingie msituni penye miti ya kimo sawa, mbali na mti mrefu uliosimama peke yake. Msirudi mwambani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwa kawaida, kwa familia, maana yake ni kwamba matembezi yameisha.

Wakati wa kushuka, mtu mzima awe chini ya mtoto kwenye kila mteremko mkali, ili akiteleza kuna mwili wa kumzuia. Watu wengi huteleza wakirudi, miguu imechoka na akili imeshafika nyumbani. Mkitaka kuimba, imbeni kwenye tambarare, na penye mizizi mnyamaze.

Kuhusu nyoka, nitakujibu kwa ufupi unaolingana na hatari yenyewe kwenye njia iliyokanyagwa. Hutambua mtikisiko wa ardhi, na kundi la watu sita lenye watoto huwafukuza wengi wao kabla hamjawaona. Watoto wasiingize mikono kwenye mashimo na chini ya magogo, na anayekwenda kujisaidia apige mguu chini kwanza. Nyoka akionekana, simameni, mrudi nyuma, mwacheni apite. Mtu akiumwa, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, pete na viatu vya kubana vivuliwe, na apelekwe hospitali haraka. Usifunge kamba ya kukata damu, usichanje, usinyonye sumu. Uyoga na matunda ya porini yasiliwe hata kama ndege wanayala. Majani yanayowasha mtayajua yakishawagusa, na suruali ndefu inamaliza habari hiyo. Mwenye mzio wa nyuki kati yenu asitoke nyumbani bila dawa yake.

Kinachostahili muda wako zaidi ya nyoka ni kupotea kwa mtoto, na dawa yake ni filimbi na maneno machache. Kila mtoto anayetembea avae filimbi shingoni kwa kamba inayokatika ikivutwa kwa nguvu. Afundishwe nyumbani, kwa mchezo: ukiona hutuoni, simama, kumbatia mti, piga filimbi mara tatu, nyamaza usikilize, piga tena. Mafundisho ya kukumbatia mti yalianzia California baada ya mvulana wa miaka 9 kupotea mlimani mwaka 1981 na kufa kwa baridi, huku mamia ya watu wakimtafuta. Mtoto anayetembea hupanua eneo la kutafutwa kila dakika, aliyesimama kwenye mti mmoja hupatikana. Mwambie pia kwamba hatachapwa wala kugombezwa. Kuna watoto waliojificha wakisikia sauti za watafutaji kwa kuogopa adhabu, au kwa kuwa wamefundishwa kutozungumza na wasiowajua. Asubuhi ya safari wapige picha watoto wakiwa wamevaa nguo za siku hiyo. Ukiulizwa alivaa nini, hofu hufuta kumbukumbu, picha haifuti.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Maji nusu lita kwa kila mtoto anayetembea na lita moja kwa kila mtu mzima, zaidi kukiwa na joto. Chakula kisichohitaji kupashwa, na kingi kuliko mnavyodhani. Sweta na koti la mvua kwa kila mmoja hata anga ikiwa safi, kwa sababu upepo wa mwambani haufanani na hewa tulivu ya msituni, na nguo iliyolowa jasho hupoza haraka. Tochi moja ya kichwani, ingawa mnarudi mchana. Plasta za malengelenge, bandeji, dawa ya maumivu ya kipimo cha watoto. Mfuko wa kurudishia takataka, zikiwemo nepi. Simu yenye chaji kamili na ramani iliyopakuliwa, kwa kuwa mtandao hukatika chini ya miti na kurudi mwambani. Namba ya dharura ya 112 hufanya kazi katika nchi nyingi, lakini hakikisheni ya kwenu kabla. Na mtu aliyebaki nyumbani aambiwe njia gani na mtarudi saa ngapi. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli yenye meno, vilivyokwisha valiwa. Viatu vipya vikae nyumbani siku hiyo.

Mkirudi, kagueni kupe kabla ya kulala: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, kwenye kinena na nyuma ya magoti. Akipatikana, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu, kisha osha. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Andika tarehe, na homa au upele ukitokea wiki zinazofuata, mwambie daktari kuhusu kupe.

Mvua ya usiku. Ikinyesha kidogo na kukatika kabla ya alfajiri, nendeni, mkichelewesha kuanza kwa saa moja ili njia ivute maji, na mkumbuke kwamba mwamba hukauka baada ya jua kuupiga na si kabla. Mkiukuta bado unang’aa kwa maji, litazameni bonde kwa mbali, mkiwa kwenye ukingo wa msitu, na mtoto asivuke mpaka hata akiwa ameshikwa. Ikinyesha usiku kucha, ahirisheni. Mizizi iliyolowa haina huruma kwa magoti ya mkwe wako, na kama njia inavuka kijito, kitakuwa kimejaa.